Valvu ya tyubu ya baiskeli: uchukue Dunlop, Schrader au Presta kwa barabara za Dar?

Ukienda kununua tyubu ya baiskeli Kariakoo, muuzaji atakuuliza saizi tu: ishirini na nane, ishirini na sita au ishirini na nne. Habari ya valvu haiguswi. Inakuja kujitokeza nyumbani, baiskeli imeshapinduliwa matairi juu, tyubu mpya mkononi, na valvu haipiti kwenye tundu la rimu. Au inapita vizuri, halafu pampu ya jirani haiishiki. Nimeandika kwa ajili ya mtu anayetaka kulijua jambo hili akiwa bado dukani, pesa ingali mfukoni.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Valvu ziko za aina tatu, na hakuna mbovu kati yake. Kila moja inashika upepo ikiwa nzima. Kinachozitofautisha hapa Dar ni nani aliye karibu nawe siku upepo ukiisha, na ana kifaa gani mkononi. Kwa kipimo hicho, waendesha baiskeli wengi wa jiji hili wanafaa kuchukua Schrader, yaani valvu ya gari. Wenye baiskeli za mizigo za Phoenix na Avon wabaki na Dunlop bila wasiwasi, ila wajue namna ya kuitunza. Presta ichukuliwe na yule ambaye rimu yake inamlazimisha, au anayekimbia kwa matairi membamba, naye awe tayari kujitegemea njiani.

Anza na tundu la rimu

Kabla ya kupenda valvu yoyote, vua tairi utazame tundu ambalo valvu inapita. Schrader inahitaji tundu la milimita 8.5 hivi. Presta ni nyembamba, shina lake lina milimita 6, na tundu lake ni kama milimita 6.5. Dunlop ina shina nene linalokaribiana na la Schrader, kwa hiyo mara nyingi hizi mbili hupokezana tundu moja bila shida.

Kama huna kifaa cha kupimia, chukua penseli ya kawaida. Unene wake ni kama milimita 7. Ikipita kwenye tundu, rimu yako ni ya Schrader au Dunlop. Ikigoma, ni ya Presta. Kipimo hiki kinatosha kukuepusha na safari ya pili ya daladala kwenda Kariakoo.

Sasa, tundu dogo na valvu nene: mafundi wengi watakuambia walipanue kwa drili. Kwenye rimu pana, ya baiskeli ya milimani au ya mjini, jambo hilo linawezekana, mradi kingo za tundu zisuguliwe kwa tupa au msasa mpaka ziwe laini, la sivyo zitakata tyubu. Kwenye rimu nyembamba ya baiskeli ya resi, kataa. Ile sehemu ni finyu, na ukiondoa milimita mbili za chuma unaidhoofisha rimu mahali ambapo spoku zinaivuta saa zote. Tundu ukishalipanua, basi, halirudi.

Tundu kubwa na valvu nyembamba ni hatari ya aina nyingine, na hii watu huidharau. Presta inaingia kwenye tundu la Schrader kwa ulaini kabisa, ikabaki inachezacheza. Ukijaza upepo, mpira wa tyubu unavimba kupitia ule mwanya kandokando ya shina, na baada ya muda unachanika pale kwenye shina penyewe, ambapo kiraka hakishiki. Dawa yake ni washa ya mpira au ya plastiki inayovalishwa kwenye tundu ili kulipunguza. Kama hujaipata, usiifunge Presta kwenye rimu hiyo hata kama fundi anakuhakikishia itakaa.

Dunlop: valvu ya watu wa kazi

Hii ndiyo valvu iliyobeba jiji. Baiskeli nyeusi za Phoenix kutoka China na Avon kutoka India, zenye breki za vyuma na karia nzito nyuma, zimezoeleka kuja nayo. Mkate, samaki, mkaa, madumu ya maji, nazi: vitu hivi vimezunguka Temeke na Mbagala juu ya valvu hii kabla bodaboda hazijajaa.

Utaitambua kwa umbo. Chini ni shina nene la shaba, shingoni kuna nati ya duara yenye mikwaruzo ya kushikia kwa vidole, na juu kinatokeza kichwa chembamba. Jina limetokana na John Boyd Dunlop, aliyepata hataza ya tairi la upepo la baiskeli mwaka 1888 akiwa Belfast, ingawa valvu yenyewe inaitwa pia Woods kwa jina la aliyeibuni.

Ndani yake kuna kipande cha chuma ambacho hapa nitakiita kiini. Kiini hicho kina kitundu kidogo ubavuni, na juu ya kitundu umevishwa mpira mwembamba kama mrija, ule unaouzwa kwa vipande na kuitwa mpira wa valvu. Unapopampu, upepo unapita katikati ya kiini, unatokea ubavuni, unausukuma mpira na kupenya kwenda ndani ya tyubu. Ukiacha, mpira unajibana juu ya kitundu, na upepo uliomo ndani ya tyubu unauongezea kubana. Hakuna springi wala pini. Mtu mwenye vidole viwili vizima anaweza kuifungua, akaona ugonjwa, akautibu.

Nguvu yake iko hapo. Upepo ukivuja kwenye valvu ya aina hii, huhitaji tyubu mpya. Unahitaji kipande cha mpira cha bei ya chini kabisa katika vipuri vyote vya baiskeli. Fungua nati ya shingo, vuta kiini, ng'oa mpira uliochoka. Kata kipya kirefu kiasi cha kufunika kitundu na kupita hadi kwenye kile kitako cha kiini ambapo shina linabana. Kiloweshe kwa mate au maji ili kiteleze. Usitumie grisi, wala oili ya injini, wala mafuta ya taa, kwa sababu mafuta ya petroli yanavimbisha mpira asilia na kuulegeza, na ndani ya siku chache utarudi palepale. Rudisha kiini, angalia kile kijimeno chake kimeingia kwenye mkato wa shina, kaza nati kwa vidole. Weka tone la mate juu ya kichwa: likitulia, umemaliza.

Udhaifu wake ni mpira huohuo. Joto la Dar haliuonei huruma. Baiskeli inayoshinda juani nje ya soko huku inakula upepo wa chumvi, mpira wake wa valvu unakauka, unapata nyufa, mwishowe unagandia kwenye chuma au unakatika. Dalili yake ni tairi linalolala taratibu usiku na asubuhi linaonekana kama lina pancha, lakini ukiitumbukiza tyubu kwenye beseni la maji huoni povu popote, kwa sababu wengi hutumbukiza mpira na kuacha valvu nje. Tumbukiza na valvu yenyewe. Vilevile kupampu ni kuzito, maana kila mkono unaousukuma lazima kwanza uushinde mpira ule. Na geji haikusaidii: njia ya kurudi imefungwa, kwa hiyo haiwezi kusoma upepo uliomo. Utapima kwa kidole gumba, kama wafanyavyo wote.

Iko Dunlop iliyoboreshwa ambayo watu hawaitafuti vya kutosha. Badala ya mpira, kiini chake kina gololi ndogo au kizibo ndani, ambacho upepo wa pampu unakisogeza na upepo wa tyubu unakirudisha. Kupampu ni kwepesi zaidi na hakuna mpira wa kuoza. Kiini hiki kinaingia kwenye shina lilelile la zamani, kwa nati ileile. Baiskeli nyingi za mtumba kutoka Ulaya huja nacho. Ukiona tyubu mbovu ya baiskeli kama hiyo imetupwa kwa fundi, mwombe kiini kabla hajaikata kamba za kufungia mizigo. Kwa mwenye Phoenix, sijui badiliko jingine dogo kiasi hiki lenye faida kubwa hivyo.

Kasoro moja ya mwisho, nayo ni ya usalama: kwa kuwa kiini kinatoka kwa vidole, kinatoka kwa vidole vya mtu yeyote. Ukiegesha mahali pasipo na mlinzi, unaweza kukuta upepo umetolewa na kiini kimeondoka nao. Weka kimoja cha akiba kwenye mfuko wa zana.

Schrader: valvu ya gari

Shina lake lina unene uleule kuanzia chini hadi juu, na ukichungulia mdomoni unaona pini katikati. Ukiibonyeza, upepo unatoka. Ilipata hataza Marekani mwaka 1893, kutoka kwenye kampuni ya August Schrader wa New York, na tangu hapo imeenea kwenye magari, pikipiki, bajaji, hadi matairi ya ndege. Hata mafundi wa friji na viyoyozi wanaifahamu, kwani milango ya kuingizia gesi kwenye mitambo yao hutumia valvu ya aina hiyohiyo.

Kuenea huku ndiko kunakoifanya iwe chaguo langu kwa Dar. Hesabu vijiwe vya bodaboda kutoka Gongo la Mboto mpaka Posta. Palipo na kijiwe, hapakosekani fundi wa pancha jirani, na fundi huyo ana mashine ya upepo, ana viini vya valvu, ana spana ya kuvifungulia. Kiini cha Schrader cha baiskeli na cha pikipiki ni kimoja. Kikiharibika saa mbili usiku pale Buguruni, unatatuliwa na mtu ambaye hajawahi kugusa baiskeli maishani mwake.

Ina springi inayoirudisha pini yenyewe, kwa hiyo huhitaji kufungua wala kufunga kitu unapojaza, ila kifuniko tu. Geji inasoma vizuri. Unaweza kupunguza upepo kwa kubonyeza kwa ncha ya kucha au kijiti.

Adui yake ni mchanga. Ukipoteza kifuniko, na watu hawavijali vifuniko, vumbi la barabara za mitaa na mchanga wa Kigamboni unakaa juu ya pini. Siku ukijaza, pampu inausukuma ndani, punje moja inakwama kati ya mpira wa kiini na kikalio chake, na valvu inaanza kunong'ona. Kabla hujafunga pampu, bonyeza pini mara moja haraka ili upepo upulize uchafu nje. Ikishaanza kuvuja, toa kiini, kipulize, kirudishe. Vipo vifuniko vya chuma vyenye ncha iliyokatwa mkato juu. Mkato ule ndio spana ya kiini. Nunua viwili vya namna hiyo, vina thamani kuliko vile vya rangi vinavyometameta.

Kuna maneno kwamba Schrader haihimili upepo mwingi. Si kweli. Shoki za upepo za baiskeli za milimani hutumia valvu hii na hujazwa kupita psi 100 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo). Sababu ya kutoiona kwenye baiskeli za resi ni lile tundu kubwa inalodai kwenye rimu nyembamba, pamoja na uzito kidogo.

Presta: nyembamba, ndefu, na ina masharti yake

Hii ni ya Kifaransa, na wengine huiita Sclaverand. Juu ya shina jembamba kuna kinati kidogo sana kilichofungwa kwenye pini. Kabla ya kujaza, unakilegeza kinati hicho mpaka mwisho, unaibonyeza pini mara moja mpaka upepo utoe mlio mfupi, ndipo unaweka pampu. Ukimaliza unakaza. Anayeruka hatua ya kubonyeza hukuta pampu ngumu kama jiwe, kwa sababu mpira wa ndani umegandia kwenye kikalio. Fundi asiyeijua Presta hufikiri imekufa, na wapo wanaoichomoa kwa plaizi.

Haina springi. Upepo wa ndani wenyewe ndio unaoifunga, na kinati kinazuia isifunguke kwa mtikisiko. Kwa pampu ya mkono, kufikisha psi 80 au 100 kwenye tairi la milimita 25 ni kazi inayowezekana, na ndiyo maana wanaokimbiza baiskeli kwenye Barabara ya Bagamoyo alfajiri za Jumapili hawana sababu ya kuiacha. Rimu zao tayari zina tundu dogo. Waendeshaji wa matairi yasiyo na tyubu nao, wanaotia dawa ya kuziba pancha ndani ya tairi, kwa kawaida hutumia shina la Presta, lenye kiini kinachotoka ili dawa ipite.

Ukinunua, angalia urefu wa shina. Rimu ya kawaida inaridhika na milimita 40 au 48. Rimu yenye kina inataka 60, wakati mwingine 80. Shina fupi kwenye rimu yenye kina halitokezi vya kutosha na pampu haipati pa kushika. Hilo linatokea sana kwa mtu anayechukua tyubu ya kuazima.

Ninachokiogopa kwenye Presta hapa mjini ni pini yake. Ni nyembamba, na pampu ikivutwa mshazari inapinda. Ikipinda mara ya pili inakatika. Shika shina kwa vidole unapovuta pampu, na uvute moja kwa moja. Tyubu zake zinapatikana, lakini si kila duka, na nje ya mji usitegemee. Ukitoka Dar kuelekea Kibaha au Kisarawe kwa Presta, beba tyubu mbili, pampu yako mwenyewe, na adapta.

Adapta yenyewe ni kijipande cha shaba kinachofungwa juu ya kichwa cha Presta na kukigeuza kiwe kama Schrader. Ni kidogo kuliko kifundo cha kidole, bei yake si ya kufikiria, na kinakaa kwenye mnyororo wa funguo. Uzuri mwingine: kichwa cha Dunlop kina upana na thredi zinazolingana na za Presta, kwa hiyo adapta hiyohiyo inafaa pia kwa Phoenix ya mzee. Nyumba yenye baiskeli tofautitofauti iwe nayo.

Upepo utaupata wapi?

Fundi baiskeli aliyekaa chini ya mwembe na pampu ya kusimama ameizoea Dunlop. Mpira wa pampu yake una kichwa cha kubana au cha kufunga kwa thredi kinachoshika valvu hiyo, na mara nyingi Schrader pia. Presta ni bahati. Fundi pancha wa barabarani na mashine ya upepo ya sheli wanajaza Schrader. Dunlop na Presta wanazijaza kwa adapta tu. Pampu za kisasa za nyumbani zina vichwa viwili, au kichwa kimoja ambacho ukikifungua ndani unakuta kijimpira na kiplastiki vya kugeuza: upande mmoja Schrader, mwingine Presta. Upande wa Presta unaishika Dunlop vilevile. Watu wengi wananunua pampu ya pili kumbe ya kwanza ilihitaji kugeuzwa tu.

Tahadhari kubwa iko kwenye mashine ya upepo. Ilitengenezwa kwa tairi la gari au lori, lenye nafasi kubwa ndani. Tyubu ya baiskeli inajaa kwa sekunde chache, na kijana wa sheli aliyezoea kushikilia mpaka geji ipande ataipasua mbele yako, pengine na tairi liruke kwenye rimu. Mwambie atoe upepo kwa vishindo vifupi, na baada ya kila kimoja ubonyeze tairi. Baiskeli ya mizigo ya inchi 28 inaridhika na psi 40 mpaka 60, ya milimani 30 mpaka 50. Soma ubavuni mwa tairi, kikomo kimeandikwa.

Baiskeli za mtumba

Hapa ndipo mchanganyiko ulipo. Kontena moja likifunguliwa, unaweza kukuta valvu zote tatu. Baiskeli za mjini za Japani, zile zenye kikapu mbele, kwa desturi ni Dunlop. Za Uholanzi na Ujerumani nyingi ni Dunlop pia, mara nyingi ile yenye gololi. Za Uingereza ni Schrader au Presta kutegemea aina ya baiskeli. Usinunue kwa kuangalia rangi na gia peke yake. Inama utazame valvu ya kila gurudumu, maana magurudumu huwa yamebadilishwa.

Na angalia saizi ya tairi pamoja na valvu. Baiskeli ya Kijapani ya 26 × 1 3/8 na ya milimani ya 26 × 1.95 zote zinaitwa ishirini na sita, ila tairi la moja haliingii kwenye rimu ya nyingine: kipenyo cha pale tairi linapokaa ni milimita 590 kwa ya kwanza na 559 kwa ya pili. Tyubu zinavumiliana kidogo kwa kuwa zinavutika. Tairi halivumilii.

Mwenye Phoenix ya 28 × 1½ anayetaka kuhamia Schrader anaweza kutumia tyubu ya 700 yenye upana unaofanana, kama 700 × 38. Rimu hizo zinapishana kipenyo kidogo, milimita 622 na 635, na tyubu inaumeza huo mwachano bila tatizo. Hakikisha tu shina linapita kwenye tundu bila kulazimishwa.

Shina likilala

Kuna ugonjwa ambao hautibiwi kwa kubadili aina ya valvu, nao unaua tyubu nyingi za baiskeli za mizigo. Tairi likiwa na upepo mdogo na mzigo ukiwa mkubwa, kila unapofunga breki au kukanyaga kwa nguvu tairi linateleza kidogo juu ya rimu na kuivuta tyubu. Shina, lililoshikwa na tundu, linabaki nyuma na kulala mshazari. Wiki kadhaa baadaye linachanika kwenye kitako. Hapo hakuna kiraka.

Tazama shina la valvu yako leo. Likiwa limesimama wima kuelekea katikati ya gurudumu, sawa. Likiwa limeinama, toa upepo wote, sogeza tairi na tyubu kwa mikono mpaka lisimame, ndipo ujaze vya kutosha. Ile nati inayokaza shina kwenye rimu usiikaze kwa spana. Iache iguse tu kwa vidole, ili shina likivutwa uone limeinama badala ya kuchanika kimyakimya.

Nani achukue ipi

Mchuuzi anayebeba samaki kutoka Feri kila asubuhi: Dunlop, yenye kiini cha gololi kikipatikana, na mpira wa valvu wa akiba mfukoni. Njia zake zina mafundi baiskeli, na valvu hiyo wanaijua hata wakiwa wamefumba macho. Kama njia zake zina bodaboda kuliko mafundi baiskeli, na rimu inaruhusu, ahamie Schrader.

Mwanafunzi wa Mlimani au mfanyakazi anayetumia njia ya baiskeli kandokando ya mwendokasi, mwenye baiskeli ya milimani ya bei ya kati: Schrader, bila kujadili. Mtoto pia Schrader, kwa sababu ataipeleka mwenyewe kwa fundi pancha wa mtaani na haitamshinda.

Wa resi: Presta, adapta, pampu yake, tyubu za akiba. Wa guta lenye magurudumu matatu ahakikishe yote yana valvu ya aina moja, ili abebe kipuri kimoja na kichwa kimoja cha pampu. Mzigo wa guta hausubiri mtu atafute adapta.

Na aliyekuta baiskeli yake ina Schrader mbele na Dunlop au Presta nyuma, akiwa na pesa ya tyubu moja tu, abadilishe ya nyuma. Uzito wa mwendeshaji na wa karia uko huko, na pancha nyingi zinatokea huko.